Daftari la Mahudhurio

Kasha la bati tulilikuta stoo ya ukumbi wa kata, Pasua.
Ufunguo hakuna. Tukavunja kufuli kwa nondo.
Panya walishatutangulia:
wameula mwaka wa sabini na tisa wote,
wametuachia jalada.

Zimebaki kaunta buku nne, mwandiko mmoja,
wa Bi Apaikunda Mrema, katibu,
aliyehesabu magunia ya kahawa mchana kutwa
na jioni akaja kuhesabu waigizaji
kwa kalamu ileile.

*Mapato, Jumamosi: shilingi arobaini na moja.
Mayai kumi na mawili, kwa waliokosa kiingilio.
Jogoo mmoja (ameliwa).
Matumizi: mafuta ya karabai.
Mvi za mfalme: majivu, kwa Mama Hidaya, bure.*

Pazia lilikuwa magunia kumi na sita.
Nimelikunjua. Linanuka kahawa mpaka leo,
na juu ya kasri ya mfalme
ipo chapa: KILO 60.

Mlima haukuandikwa.
Miaka kumi na tisa chini yake, na mlima
umetajwa mara moja, tena kwa lawama:
*Baridi. Watazamaji wameomba tumalize mapema.*

Faini ziliandikwa zote.
*Kuchelewa: senti hamsini.
Kucheka ukiwa maiti: shilingi moja.*
Sifaeli amelipa mara tatu.

Kisha mahudhurio. Y ni yupo,
H ni hayupo, U ni udhuru.
Elinami Lyatuu, mfalme:
Y, Y, Y, imenyooka kama mstari wa mahindi,
mvua ikinyesha Y, mechi ikichezwa Y,
hadi tarehe tisa Mei.
Halafu U.
U wiki ile, U mwezi ule, U mwaka uliofuata,
miaka kumi na mmoja ya U,
na safu ya sababu, tupu.

Nikasema moyoni: mfalme gani huyu mwenye maringo?

Nikafika orodha ya vifaa.
*Viatu vya mfalme, jozi moja, ngozi nyekundu,
kazi ya fundi Shebughe wa Bondeni.
Mwazimaji: E. Lyatuu.
Tarehe ya kurudisha:*
hapo wino umekoma.
Pembeni, kwa penseli, neno moja:
*Tusidai.*

Nikamfuata Sifaeli, maiti wa zamani,
anauza minyororo ya baiskeli Kiboriloni,
sikio moja limekufa, la pili linachagua.
Nikalirudia swali mara mbili.
Akafuta mikono kwa tambara, akafuta tena.

"Alikuwa mchukuzi pale stesheni.
Mguuni hakuwahi kuwa na kitu ila makatambuga,
isipokuwa jukwaani.
Ndugu zake walikuja usiku kwa katibu.
Hawakusema kuzika.
Walisema, tumekuja kuazima."

Hakuongeza. Mteja alikuwa anauliza bei ya pedeli.

Mfalme aliyefuata, naona, alitawala pekupeku.
Bi Apaikunda aliandika tu:
*Mchezo umerekebishwa. Mfalme ameketi muda wote.*

Alhamisi hii tumekuja saba.
Bati linapigwa na mvua, maneno hayasikiki,
Haikaeli kasahau upanga kwao,
Mwanaidi ananyonyesha huku anasoma sehemu ya jaji.
Nimenunua kaunta buku mpya.
Majina ya zamani nimeyahamisha kwa mkono wangu,
waliohama, waliogombana na mweka hazina, wote,
nikaanza kuita.

"Elinami Lyatuu."

Wakatazamana.
"Nani huyo, katibu? Mbona hatujawahi kumwona?"

"Ana udhuru," nikasema,
nikaandika U, polepole, nikiiviringa chini
kama yeye alivyoiviringa.

Chini ya ukurasa nikamalizia hesabu:
*Faini, kuchelewa: shilingi mia mbili. Katibu.
Sababu: alikuwa anasoma.*